PS5 yenye sehemu ya CD au isiyo nayo? Na gemu ya kushusha ni mali yangu kweli?

Chumbageni_Juu aliandika:

Salaam wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Nanunua PS5 (PlayStation 5, mashine ya gemu) ya nyumbani, niko Tanga mjini. Muuzaji ana mbili: yenye sehemu ya CD, na isiyo nayo ambayo bei yake imepungua. Intaneti ni bando la simu tu, nikipima jioni napata Mbps 10 hivi. Wachezaji ni vijana wawili wa nyumbani: mpira kila siku, magari, na mara moja moja gemu za hadithi. Ipo pia PS4 Slim ya zamani na CD zake tisa.

Gemu ya kushusha nikishailipia ni yangu kama CD ilivyo yangu, au siku naamka haipo? CD zenyewe kwa joto na chumvi ya huku pwani zinadumu? Halafu muuzaji anasema nikichukua isiyo na CD ananiongezea akaunti yenye gemu 12 ndani kwa bei ya gemu moja. Hili la akaunti limekaaje?

---

BarabaraYaNane alijibu:

Mkuu, chukua yenye CD. Nianze na hesabu, maana huku kwetu ndiyo inayouma kuliko sheria.

Gemu kubwa za siku hizi ziko kati ya GB 50 na 100. Hiyo Mbps 10 uliyopima ni megabiti, si megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo GB 50 ni megabiti 400,000. Gawa kwa 10 upate sekunde 40,000, yaani masaa 11 mfululizo, mtandao usiteteleke hata kidogo. GB 100 ni masaa 22. Sasa chukua bei ya GB moja kwenye bando lako, zidisha mara 50, jumlisha na bei ya gemu. Ule unafuu wa mashine isiyo na CD unaweza kuishia kwenye gemu za mwanzo tu. CD ya PS5 inabeba hadi GB 100 na ya PS4 hadi GB 50, na mzigo wote huo unaingia kwenye mashine bila kugusa bando. Kinachobaki kushushwa ni apdeti.

Na usisahau kwamba nafasi ya ndani hujaa. Mwenye CD anafuta gemu leo, kesho akiitaka anaichomeka tena na inaingia kwa muda wa mechi moja pale Mkwakwani. Mwenye ya kushusha anarudi kwenye masaa 11.

Kuhusu umiliki: dukani kwenye mtandao hununui gemu, unanunua leseni, yaani ruhusa ya kucheza kupitia akaunti yako. Haiuziki wala huwezi kumwachia mwingine. Jimbo la California limetunga sheria, AB 2426, iliyoanza kazi 1 Januari 2025, inayombana muuzaji amwambie mnunuzi waziwazi kwamba anachopewa ni leseni. Steam, duka la gemu za kompyuta, walianza kuweka ilani ya namna hiyo kwenye ukurasa wa malipo tangu Oktoba 2024. CD nayo ina leseni, usidanganyike, ila leseni yake imefungwa kwenye plastiki: aliyeishika ndiye anayecheza. Ukiichoka unaiuza, au unabadilishana na mtu wa Makorora.

Hilo la kuamka haipo, watu wanachanganya mambo. Gemu kuondolewa dukani si sawa na duka kufungwa. EA, watengenezaji wa gemu, waliziondoa sokoni gemu zao za mpira zenye jina la FIFA, hadi FIFA 23, Septemba 2023 baada ya jina kubadilika kuwa EA Sports FC. Forza Horizon 4, gemu ya magari, iliondolewa 15 Desemba 2024 kwa sababu leseni za vilivyomo ndani, magari yakiwemo, zina mwisho wake. Aliyekuwa amekwisha nunua anaendelea kuishusha. Asiyenunua ndiye kachelewa, abaki kutafuta CD ya mkononi. Duka kufungwa ni kama Nintendo walivyofunga la mashine zao za zamani, Wii U na 3DS, 27 Machi 2023, na la Xbox 360 lilivyofungwa 29 Julai 2024. Hapo hakuna tena kununua, ingawa waliokwisha lipia waliachiwa kushusha vyao. Waliachiwa kwa hisani ya kampuni, si kwa haki.

Wenyeji mnajua tunavyosemwa: Tanga, waja leo waondoka leo. Leseni ndivyo ilivyo.

---

sahare_pedi alijibu:

Hesabu ya bando sina ubishi nayo. Ila hapo pa "aliyeishika CD ndiye anayecheza" pana matundu, na mtu akiingia kichwakichwa atanunua kopo tupu.

The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft, ilitoka 2014, ikauzwa kwa CD pia. Ilikuwa haichezeki bila seva hata ukiwa peke yako barabarani. Seva zikazimwa 31 Machi 2024, na tangu siku hiyo CD yake ni kioo cha kujitazamia. Ndicho kisa kilichozaa kampeni ya Stop Killing Games ya Ross Scott, ya kupinga gemu zilizouzwa kuzimwa, ambayo kufikia Julai 2025 ilikuwa imevuka saini milioni moja Ulaya. Plastiki haikumsaidia mtu.

Tundu la pili ni CD iliyo ufunguo tu. Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 kwa PS5, kwenye CD mlikuwa na MB 70 hivi. Sebuleni umebeba kasha, gemu lenyewe unalishusha lote. Mwenye CD hiyo kalipia bando sawa na asiye nayo, na bado anainuka kitini kuchomeka CD kila akitaka kucheza. Nintendo angalau wamesema wazi kwenye mashine yao ya Switch 2: kuna kadi za ufunguo zisizo na gemu ndani, na kasha lake lina maandishi ya onyo mbele. Hizo unaweza kuziuza, ila siku seva ya kushushia ikizimwa umebaki na kidude.

Kwa hiyo kabla ya kununua soma kasha mbele na nyuma. Ukiona limeandikwa kwamba intaneti inahitajika au sehemu ya gemu lazima ishushwe, jua hapo umiliki wako ni nusu. Kuna kundi la wapenzi wa gemu linaitwa DoesItPlay, kazi yao ni kuzijaribu CD bila intaneti na kutoa majibu moja moja. Tafuta jina la gemu yako humo kabla hujatuma hela Kariakoo.

Na kwa mpira wa kila siku mimi napingana na mkuu hapo juu. Hiyo inachezwa asubuhi na jioni, inatolewa mpya kila mwaka, na ikitoka mpya bei ya CD ya mwaka jana inaporomoka. Ukisubiri punguzo ukaishusha mara moja, huna cha kuchomoa wala kuchomeka, na sehemu ya CD inapumzika. Gemu za hadithi ndizo za kununua CD: vijana wakizimaliza, unaiuza ikiwa bado ina thamani.

---

FundiLenzi alijibu:

Nijibu la pwani.

Tunaziita CD kwa mazoea, lakini hizi ni Blu-ray, na tofauti haiko kwenye jina tu. CD ya muziki data yake iko chini ya plastiki yenye unene wa mm 1.2. DVD ni mm 0.6. Blu-ray ni mm 0.1, halafu juu yake kuna utando mgumu wa kuzuia mikwaruzo. Maana yake: haikwaruziki kirahisi, ila ikikwaruzika kisawasawa hakuna pa kusugua. Zile mashine za kung'arisha DVD, na dawa ya meno wanayoisifia mitandaoni, zinakula huo utando na kuimaliza kabisa. Ikiwa na alama za vidole tu, chukua kitambaa laini cha kufutia miwani, futa kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Mkwaruzo unaokatisha mistari ya data mashine inaweza kuuruka na kujaza pengo. Unaofuata mzunguko unafuta kipande kirefu kwa pamoja na haufidiki.

Ukinunua ya mkononi, washa tochi ya simu, ilaze CD uitazame kwa pembeni. Kagua tundu la katikati: ufa hata wa milimita mbili, rudisha. Ufa huo unatokana na kuichomoa kwenye kasha kwa kuipinda badala ya kubonyeza kitufe cha katikati. Hesabu CD zilizomo. Red Dead Redemption 2 ya PS4 ina mbili, moja ya kuingiza data na moja ya kuchezea, na ya kwanza ndiyo hupotea kwa sababu baada ya siku ya kwanza haiguswi tena. Usikubali kuonyeshwa ukurasa wa mwanzo tu ukaambiwa "si unaona inawaka". PS4 inaruhusu gemu kuanza kabla haijamaliza kunakili, na CD mbovu inaweza kukwama ikiwa katikati ya safari. Subiri ifike asilimia 100. Karatasi yenye namba ya siri ya kufungulia nyongeza (vipande vya ziada vya gemu) ndani ya kasha la mkononi ihesabu kuwa imekwisha tumika.

Chumvi na unyevu: CD yenyewe inavumilia kuliko mashine. Iweke ndani ya kasha lake, kasha lisimame kama kitabu, mbali na dirisha linalotazama bahari na mbali na mgongo wa TV. Vile vifuko vyeupe vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya, tupia viwili kwenye droo ya CD. Kinachoumia Tanga ni lenzi. Vumbi likichanganyika na unyevu linakuwa ukungu wenye mafuta juu ya jicho.

Dalili za PS4 ni hizi: inameza CD, inaizungusha, inatafuta, inaitema. Kabla ya kulaumu lenzi, ingiza DVD ya filamu. DVD inasomwa kwa miale myekundu na Blu-ray kwa ya buluu, kutoka vyanzo viwili tofauti ndani ya lenzi moja. Ikisoma DVD na kukataa gemu zote, ile ya buluu imechoka au imefunikwa. Ikikataa vyote, angalia kwanza uchafu na utepe wa waya. Ikiwa haimezi kabisa, tatizo ni magurudumu ya mpira ya kuvutia CD, si lenzi.

Safisha kwanza: tone moja la spiriti ya isopropili ya asilimia 99 kwenye kijiti cha pamba, gusa jicho kwa kuzungusha bila kukandamiza, liache likauke. Spiriti ya buluu ya madukani ina rangi, inaacha doa. Ikishindikana ndipo ubadilishe lenzi. PS4 Slim na Pro zinatumia KES-496A. Fundi akikuletea 860 au 490 hizo ni za PS4 nene za mwanzo, haziingii.

PS5 ni habari nyingine. Kibao cha saketi cha sehemu ya CD kimeoanishwa na ubao mkuu wa mashine hiyohiyo. Ukibadilisha kila kitu kwa cha mashine nyingine, haitasoma gemu. Lenzi inabadilishwa, kibao kinabaki. Fundi akitaka kuchukua "mzigo wote wa zamani", mwambie hapana.

---

Chumbageni_Juu aliandika:

Nimewapata vizuri. Limebaki la akaunti, na hizi CD tisa za PS4. Na kama nitanunua isiyo na CD, naweza kuongeza baadaye?

---

MamaKifurushi alijibu:

Kaka, la akaunti liache palepale dukani. Ngoja nieleze linavyofanya kazi ndipo uone kwa nini ni rahisi hivyo.

Kila akaunti ya PlayStation inaruhusiwa kuwa na PS4 moja kuu, na kwa PS5 moja kuna ruhusa inayoitwa "Console Sharing and Offline Play". Kwenye mashine hiyo kuu, mtu yeyote anacheza gemu za akaunti hiyo akiwa kwenye jina lake mwenyewe, hata bila intaneti. Kwenye mashine nyingine gemu zinachezeka pia, ila mwenye akaunti awe ameingia na mtandao uwepo. Muuzaji anaitumia hii kuuza akaunti moja kwa watu wawili: mmoja anapewa "kuu", mwingine anapewa nywila. Wote wawili wanaamini wamenunua gemu.

Sasa anayeshika barua pepe ya kwanza ndiye mwenye akaunti. Anaweza kubadili nywila akiwa kitandani. Anaweza pia, kupitia tovuti, kuzifuta mashine zote kuu kwa mpigo mmoja. Hilo linaruhusiwa mara moja kila miezi 6. Siku hiyo utawasha mashine uone kufuli dogo juu ya picha ya gemu, zote 12. Watu huambiwa waende "Restore Licenses". Hicho kinasaidia mwenye leseni halali ambayo mashine imeipoteza. Kwako hakitasaidia. Na kuuza akaunti kunavunja masharti, kwa hiyo huna pa kulalamika.

Fungua yako. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi unazochagua, kwa hiyo wengi wanafungua ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Chagua kwa kuangalia kadi za nchi gani unazipata kwa uhakika, kwa sababu kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na nchi ukishaichagua haibadilishwi. Weka tarehe ya kuzaliwa ya kweli, kwani ukiulizwa baadaye utaisahau ya uongo. Washa uhakiki wa hatua mbili na zile namba za akiba uziandike kwenye karatasi. Laini ya simu ikipotea, ndizo zitakazokufungulia.

Hapa CD na akaunti zinagongana, na wengi hawajui. Gemu ya CD inacheza kwenye akaunti ya nchi yoyote, lakini nyongeza unazonunua mtandaoni lazima ziwe za eneo moja na CD. Angalia mgongo wa kasha: pana namba inayoanza na CUSA kwa PS4 au PPSA kwa PS5. Kasha lenye alama ya umri ya PEGI ni la Ulaya, lenye ya ESRB ni la Marekani. CD ya PEGI na akaunti ya Marekani: utalipia nyongeza, itashuka, na gemu haitaiona.

---

sahare_pedi alijibu:

Kuhusu kuongeza baadaye: inategemea mashine. PS5 ya umbo jipya, iliyoanza kutoka mwishoni mwa 2023, namba zake zinaanza na CFI-2, inapokea sehemu ya CD ya kupachika. PS5 Pro ya Novemba 2024 nayo haiji nayo ila inapokea hiyohiyo. Ile isiyo na CD ya 2020 haipokei kabisa, na mitumba yake ndiyo inayouzwa kwa bei tamu. Soma namba ya nyuma. Ukishaipachika inahitaji intaneti mara moja ili ioanishwe, ni data kidogo tu.

CD zako tisa za PS4 karibu zote zitacheza kwenye PS5 yenye CD. Kwenye isiyo na CD hazina njia ya kuingia, na hakuna dukani pa kuzigeuza leseni. Kama gemu ina toleo la PS5 la kupandishwa bure, CD ya PS4 lazima ibaki ndani kila unapocheza. Usiiuze ukidhani umeshapanda.

---

BarabaraYaNane alijibu:

Nakubali la mpira, liwe la kushusha. Hapo sahare kanishinda.

Niongeze moja la kuokoa bando. Gemu za PS4 na apdeti zake zote zinahamishika kwa diski ya nje. Tafuta ya USB 3.0, kuanzia GB 250 hadi TB 8, uifomati kwenye PS4 yenyewe; itafuta kilichomo, kwa hiyo toa picha za harusi kwanza. Hamishia gemu humo, kisha ichomeke kwenye PS5, na PS5 itazitambua bila kushusha upya. Zinachezeka humohumo. Gemu za PS5 zinaweza kulala kwenye diski hiyo, ila kuzicheza mpaka zirudi ndani. Kabla ya kuchomoa, kwenye PS4 shikilia kitufe cha PS, ingia kwenye sauti na vifaa, uchague kuacha kuitumia. Ukichomoa ghafla, au umeme ukikatika ikiwa inaandika, itaanza kujikarabati na wakati mwingine gemu moja au mbili zitaharibika.

Hatua mlizofikia vijana kwenye gemu, yaani kumbukumbu zao, haziko kwenye CD wala hazihami na diski hiyo. Kwa PS4: "Settings", "Application Saved Data Management", nakili kwenda flashi. Za gemu za PS5 hazinakiliki kwenye flashi. Ni mtandaoni tu, tena kwa wanaolipia PS Plus, huduma ya malipo ya PlayStation.

---

FundiLenzi alijibu:

Kabla hujaiweka kabatini hiyo PS4 Slim, iunganishe na mtandao uipandishe toleo la programu yake. Ndani ina betri ya saa, CR2032, kama ya rimoti ya gari. Kwa matoleo ya kabla ya 9.00 la Septemba 2021, betri hiyo ikifa na mashine ikashindwa kupata saa kutoka mtandaoni, gemu zinagoma kufunguka: za kushusha na za CD vilevile. Mashine nyingi zilizochipiwa, yaani zilizovunjwa kinga yake, zinaachwa makusudi kwenye toleo la zamani, kwa hiyo ukiuziwa moja, uliza toleo kwanza na tarehe betri ilipobadilishwa.